Safura, ao udongo kinywani mwa mtoto

Hapa kwetu, kutoka Nyangwe mpaka Kabambare, mtoto akikutwa anakula udongo, mama anapiga kelele: "Wee mutoto, tema!" Kisha kofi. Tunasema ni utundu. Lakini wazee wetu hawakuiona hivyo.

Mwaka 1870 Mskoti David Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi, vidonda vya miguu vikimzuia kusafiri. Nyangwe alifika mwezi wa 3, 1871. Akiwa Kabambare aliandika juu ya ugonjwa ambao Wangwana waliuita safura. Mgonjwa anakula udongo, miguu inavimba, mwili unakonda, pumzi inakatika akitembea. Wengine walidhani ni watumwa wanaotaka kujiua. Livingstone alikataa: matajiri wenye chakula tele walishikwa pia, na wanawake wa Manyema wenye mimba walikula udongo. Dawa yake ilikuwa siki ya mnazi iliyotiwa mavi ya chuma yenye moto.

Chuma, angalia vizuri! Leo tunajua kwamba minyoo ya safura inashika utumbo na kunyonya damu, na damu inapungukiwa madini ya chuma. Mwenye kupungukiwa hivyo mara nyingi anatamani udongo. Siki ile tuiache (kunywa kutu si mchezo), lakini wazee walitafuta dawa, hawakutafuta fimbo.

Basi mtoto wa miaka 3 ao 4 anayerudia udongo, apelekwe kwa munganga apimwe damu. Dawa ya minyoo anaweza kupewa kila miezi 6, akiisha kupita mwaka 1.

Nyumbani kuna kazi nyingine. Minyoo hii inatoka katika mavi yaliyoachwa nje, inaingia kwa ngozi ya mguu mtupu. Mayai ya minyoo mingine yanaingia kwa mikono michafu. Kumwambia mtoto "vaa kambambili" mara moja hakutoshi. Ziwekwe pale anapopita kwenda chooni, na baba naye aonekane anavaa zake.

Kuhusu mikono, desturi tunayo tayari: birika na beseni kabla ya sahani ya wali. Siku hizi katika nyumba nyingi wakubwa wananawa, wadogo wanasahauliwa pembeni. Mpe mtoto huyo birika ndogo, amwagie babu maji. Atamwaga nusu chini, ndiyo. Kisha babu amwagie yeye, na sabuni.