Lugha, Fimbo na Usalama wa Mtoto Shuleni: Habari za Mbulu na Hanang

Katika mkoa wa Manyara, uliokatwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002, ziko wilaya mbili ambazo zamani zilikuwa wilaya moja, nazo ni Mbulu na Hanang. Wataalamu wa lugha wazijua sana, kwa sababu katika nchi ile hukutana lugha za asili nne zisizo na udugu: Kiiraqw, ambacho ni Kikushi, Kidatooga, ambacho ni cha jamaa ya Kiniloti, lugha za Kibantu za Wanyaturu na Wanyiramba waliohamia, na Kihadza cha bonde la Yaeda, ambacho mpaka leo hakijathibitishwa kuwa na ndugu popote. Jambo hili limetupa sisi kazi na furaha nyingi. Lakini limekuwa na gharama yake pia, na walioilipa ni watoto wadogo waingiao darasa la kwanza.

Waandishi waelezapo usalama wa mtoto shuleni hutaja kuta, vyoo, maji, umbali wa njia, na adhabu. Hayo yote ni ya kweli, nami sitayapuuza. Lakini nakusudia kuonyesha kwamba katika wilaya hizi mbili historia ya usalama wa mtoto haiwezi kutengwa na historia ya lugha ya shule. Maana mtoto aliyeonewa, asipokuwa na neno la kushitaki, hana mlinzi, hata sheria zikijaa kabatini.

Msomaji atakumbuka kwamba Tume ya Phelps-Stokes, iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya kwao. Katika Tanganyika pendekezo hilo halikushika. Wajerumani walikuwa wamekwisha kukieneza Kiswahili kwa maakida na shule zao, na Waingereza wakaona ni rahisi kuendelea na lugha moja kuliko kuchapa vitabu kwa lugha zaidi ya mia. Baada ya uhuru, mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Ulilijenga taifa, na jarida kama hili lisingekuwapo bila ya uamuzi huo. Nasema tu kwamba mtoto wa Dongobesh au wa Basotu aliulipia zaidi kuliko mtoto wa Bagamoyo. Na ni ajabu kidogo kwamba W. H. Whiteley, aliyekuwa katibu wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ndiye huyohuyo aliyechapisha Kampala mwaka 1958 maelezo ya sarufi ya Kiiraqw. Ujuzi wa lugha zote mbili ulikaa kichwani mwa mtu mmoja, lakini haukufika darasani.

Tutazame mtoto huyo apatavyo shida. Kiiraqw kina jinsia tatu za majina, wala hakina ngeli kama zetu. Kina sauti ziandikwazo q, hh, tl na sl, ambazo mwalimu aliyetoka pwani au Unyamwezi hawezi kuzitamka bila ya mazoezi. Basi siku ya kwanza jina la mtoto huharibika katika daftari la mahudhurio, naye huitwa kwa jina asilolijua. Wenzake Wadatooga, ambao majina yao ya kiume huanza kwa Gida- na ya kike kwa Uda-, walizoea kuitwa Wamang'ati, neno lililotoka kwa Wamasai na maana yake ni adui. Mtu aitwaye adui mbele ya darasa hajifunzi upesi kuwaamini walio mbele yake.

Ndipo huja fimbo. Zama za Wajerumani ziliacha katika Kiswahili maneno "hamsa wa ishirini", yaani viboko 25, na hapana shaka shule ilirithi sehemu ya desturi ile. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule kufikia 1977. Wanafunzi wa shule za msingi wakazidi milioni 3 kufikia mwaka 1980, na walimu wengi waliochukuliwa kuwafundisha walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba tu, wakafunzwa kazi vijijini. Ilikuwa kazi kubwa, wala siwadharau vijana wale. Lakini kijana wa miaka 18 mbele ya watoto wengi wasiomwelewa, asiyewaelewa naye, hana budi kuona ukimya wao kuwa kiburi. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko sita. Za mwaka 2002 zikapunguza hadi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walipata kupigwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Ni wazi kwamba kitabu hakikuandikwa vyote. Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo haikuiondoa fimbo shuleni.

Katika Hanang liko jambo jingine ambalo halikutoka shuleni, lakini liliifikia. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 mashamba ya ngano ya serikali, yaliyosaidiwa na Kanada, yalienea katika nyanda za Basotu hata yakafikia kama eka 100,000, na hayo yalikuwa malisho bora ya Wabarabaig, ambao ni Wadatooga. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda katika Mahakama Kuu, kisha wakashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Familia zilizokosa malisho zilihama na ng'ombe wao, na watoto wakahama nazo. Katika daftari waliandikwa "mtoro". Neno hilo lapasa kutazamwa: mtoro ni yule akimbiaye wajibu wake, naye huadhibiwa. Hatuna katika daftari zetu neno la mtoto aliyekimbiwa na ardhi ya babaye.

Watoto wa Kihadzabe waliowekwa bweni Yaeda Chini nao waliandikwa watoro, kwa sababu mara nyingi waliondoka usiku wakarudi porini kwa miguu. Wapo waliofikiri kwamba hawa hawapendi elimu. Mimi naona ni afadhali kuuliza kwanza kama bwenini alikuwako mtu mzima hata mmoja aliyeweza kumfariji mtoto kwa Kihadza.

Kwa wasichana mzigo ulikuwa mara mbili. Katika mila ya zamani ya Wairaqw, binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alitengwa na jamaa zake, kwa hofu ya nuksi. Shule nayo ilimfukuza, na kanuni za mwaka 2002 zilitoa nafasi ya kufanya hivyo, hata Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliporuhusu wanafunzi kama hao kurudi. Hivyo mila na serikali, zisizopatana katika mengi, zilipatana katika hili kwa muda mrefu. Ukeketaji, uliokatazwa kwa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu 1998, umepungua Manyara: wanawake waliokeketwa walikuwa 71 katika kila 100 mwaka 2010, na 43 mwaka 2022. Mwalimu wa kike ajuaye lugha ya nyumbani ndiye huweza kusikia habari hiyo kabla ya likizo ya Desemba, wala si baadaye.

Siku hizi twasema "ulinzi wa mtoto" na "unasihi". Maneno ni mazuri, lakini yametoka katika ofisi za wafasiri. Kwa mtoto wa Katesh mlinzi ni mtu wa lindo mwenye rungu, na kulinda ni kufukuza ndege shambani. "Unasihi" hajausikia kamwe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang lilipoufunika mji ule na watu zaidi ya 80 wakafa, shule zilifunguliwa kuwahifadhi walionusurika, na watoto wakalala katika madarasa yaleyale. Hapana sheria imkatazayo mwalimu wa darasa la awali kumwuliza mtoto, kwa Kiiraqw au kwa Kidatooga, aliona nini. Linalokosekana ni desturi ya kumpanga mwalimu kwa kutazama lugha anayoijua, na orodha fupi ya maneno, labda mia mbili, ambayo mwalimu mgeni angeisoma kabla ya kufika. Orodha hiyo sisi tunao uwezo wa kuitengeneza. Kamusi ya Kiiraqw ya Mous, Qorro na Kießling iko tangu mwaka 2002.