Mzigo wa Vioo: Kamera, Mpagazi na Mpakato Nyanda za Juu Kusini

Wamisionari wa Moravian walipoanzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891, walikuja kwa njia ya Ziwa Nyasa. Kutoka ziwani, mizigo ilipanda milima juu ya vichwa vya watu. Baadaye mizigo hiyo ikawa na kamera, na kamera za wakati ule zilikula vioo.

Hebu piga hesabu. Sahani moja ya kioo ya sentimita 13 kwa 18, yenye unene wa milimita 2, ina gramu 100 na ushee. Picha 100 ni zaidi ya kilo 10, hujaweka kamera ya mbao, miguu yake mitatu na chupa za dawa. Mpagazi alibeba kilo 25 hadi 30. Kwa hiyo aliyetaka picha alihitaji kichwa cha mtu mwingine, na jina la mwenye kichwa hicho kwa kawaida hulioni popote.

Walther Dobbertin alipiga picha katika koloni la Wajerumani kuanzia 1906 mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Picha zake leo ziko Bundesarchiv, kule Koblenz, ambao Desemba 2008 walianza kuweka picha karibu 100,000 kwenye Wikimedia Commons, zake zikiwemo. Za Wamoravian ziko Herrnhut, na chuo kikuu kimoja cha California kimeziweka mtandaoni. Yaani mtu wa Tukuyu anayetaka kuona sura ya babu wa babu yake anapitia Ujerumani na Marekani. Akifika huko, nyingi anakuta zimeandikwa kabila na kazi ya mtu. Jina hakuna.

Filamu ilipunguza uzito, ila haikuondoa umbali. Ulirudi na mikanda, ukaipeleka kusafishwa, na uliyempiga ulikuwa umeshamwacha Mufindi.

Ndiyo maana mimi naiona kompyuta mpakato kama tukio la kihistoria, si kifaa tu. (Neno lenyewe zuri: linatoka kwenye kupakata, na kwenye basi la Iringa kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 300, utaipakata kweli.) Usiku uleule unamwonyesha mtu picha yake, anakusahihishia jina la kijiji, unaliandika ndani ya faili.

Lakini uchague vizuri. MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ilikuwa na kilo 1.29, haina feni, na chaji yake inavumilia siku ya safari. Kasoro yake: huongezi RAM baada ya kununua, na haina tundu la kadi ya kamera, hivyo utabeba adapta. GB 8 zinatosha picha chache. Ukihariri mamia kwa mkupuo, tafuta 16.

Bajeti ikibana, mtumba wa maofisini si mbaya, ila usidanganywe na prosesa. Uliza kioo. Vingi havifiki hata asilimia 70 ya rangi za sRGB. Hapo chai ya Mufindi inaonekana imepauka, unaongeza kijani, unaongeza tena, ukichapisha unapata shamba la plastiki. Udongo wa Isimila nao unageuka nyanya. Bora uchukue prosesa ya zamani kidogo yenye kioo cha IPS kinachokaribia asilimia 100. Ikichajika kwa USB-C ni bora zaidi, kwa sababu pawabenki inayofaa itakuokoa umeme ukikatika.

Hifadhi nayo ina hesabu yake. Faili moja la RAW la kamera ya megapikseli 24 ni kama MB 25 hadi 50, hivyo picha 1,000 zinameza mpaka GB 50. SSD ya GB 256 inajaa kabla safari haijaisha. Beba diski mbili za nje, na usiziweke begi moja.

Na ukilala Makambako, kabla ya kugusa mwanga na rangi, jaza majina. La bibi wa sokoni, la kijiji chake, na la bodaboda aliyekubebea begi la kamera.