Utani katika siasa zetu: kutoka Azimio la Arusha hadi kwenye simu

Wamarekani wana vitabu vizima vya vichekesho vya marais wao. Inasimuliwa kwamba Abraham Lincoln aliambiwa na mpinzani wake kuwa ni mtu wa nyuso mbili, naye akawauliza waliokuwa wanasikiliza: kama ningekuwa na uso mwingine, kweli ningetembea na huu? Kwetu visa vya aina hiyo vipo, ila vingi vimebaki midomoni mwa wazee. Hapa tumekusanya vichache, hasa vinavyogusa Arusha, na tunaeleza kila kimoja kilitokana na nini.

Tuanze na neno Wabenzi. Ukilisikia kwa haraka utadhani ni kabila, kama Wameru au Wachaga. Kumbe ni jina ambalo wananchi wa Afrika Mashariki waliwapa wakubwa wa serikali baada ya uhuru, kwa sababu ya magari yao ya Mercedes-Benz. Utani huo ulikuwa na uchungu ndani yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wakagusia mishahara minono ya viongozi. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuo, lakini papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni yoyote.

Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwalimu hakufurahi. Miaka ya mwisho ya maisha yake alisema bado anasafiri na kitabu cha Azimio, anakisoma tena na tena akitafuta cha kubadilisha, na alichokiona ni kwamba labda Kiswahili chake kingeweza kurekebishwa kidogo. Mengine yabaki yalivyo. Hilo ni jibu la mwalimu wa shule kabisa: kosa ni la lugha tu, hesabu ziko sawa.

Naye hakukosa jina la utani. Watu walimwita Mchonga, kwa sababu ya meno yake yaliyochongwa kwa desturi ya kwao Uzanaki.

Vijembe vikali zaidi vilirushwa kupitia Namanga. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake makuu hapa Arusha, ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Upande wetu tulisema Kenya ni nchi ya mtu kumla mtu, na Wakenya tukawaita manyang'au. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa Kenya wakati huo, ndiye anayetajwa sana kuwa alijibu: sawa, basi Tanzania ni nchi ambayo mtu hana cha kula.

Wazee wa huku bado wanacheka wakikumbuka jibu hilo, lakini ni kicheko cha mtu aliyeguswa kidonda. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki ilipo. Sabuni, sukari na mafuta ya kula vikawa vitu vya kupangia foleni, na vingine vikawa vinaingia kwa njia za panya kutoka kwa hao hao tuliowaita manyang'au. Huko Kenya nako maskini asiye na shamba alijua vizuri habari ya kuliwa. Kwa maoni yetu ndiyo maana vijembe vile viwili havikusahaulika: kila upande ulikuwa umesema nusu ya ukweli wa mwenzake. Marais wa Tanzania, Kenya na Uganda walikutana hapa Arusha Novemba 1983 kumaliza mgawanyo wa mali za Jumuiya, na mpaka ukafunguliwa.

Kisa cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ni cha kipindi hicho hicho. Shirika lilitaka tushushe thamani ya shilingi na kupunguza matumizi. Waziri wa Fedha Edwin Mtei aliona tukubaliane nalo, Mwalimu akakataa, na Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979. Mwaka mpya ulipoingia Mwalimu aliwauliza mabalozi: tangu lini IMF imegeuka kuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima? Kwa Kiingereza mzaha unakolea zaidi, maana herufi ni zile zile tatu. Mtei mwenyewe baadaye alikwenda kufanya kazi huko huko IMF, kisha akarudi kwenye kahawa yake pande za Tengeru, na mwaka 1992 akawa mwanzilishi wa Chadema.

Aliyemfuata Mwalimu, Ali Hassan Mwinyi, alilegeza biashara, na neno lake moja likawa jina lake: Mzee Ruksa. Kitabu cha maisha yake, kilichozinduliwa 2021, kinabeba jina hilo. Ni wachache wanaokubali utani wa wananchi hadi kuuweka kwenye jalada.

Wamarekani nao hawakusalimika. Inasimuliwa kwamba Mwalimu alipoulizwa kwa nini nchi yake ina chama kimoja, alijibu kuwa hata Marekani ni nchi ya chama kimoja, ila kwa ufujaji wao wameamua wawe na viwili. Kinachochekesha zaidi ni yaliyofuata: Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, Mwalimu akaunga mkono mabadiliko, na vyama vingi vikarudi 1992.

Sasa utani uko kwenye simu, na hapo mambo ni tofauti. Mwishoni mwa 2015 Afrika Mashariki nzima ilichekeshwa na picha za watu wanaobana matumizi wakijiuliza Rais Magufuli angefanyaje. Hakuna aliyeguswa. Lakini Juni 2016 mahakama hapa Arusha ilimtia hatiani mkazi mmoja kwa kumtukana Rais kwenye Facebook: kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi milioni 7. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alijikuta polisi baada ya kubandika picha aliyobadilishana sura na Rais.

Mchaga na Mpare wanaweza kusemana hadi msibani, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake ni mtani. Ujumbe wa simu hauendi na desturi hiyo. Ukishautuma kwenye kundi la watu 200 huwezi kujua nani kati yao atauita utani na nani atauita tusi.

Kama una kisa cha Namanga ya miaka ile, tupigie wakati wa kipindi. Vya marais waliopita tutavisoma hewani.