Waliouona Mpira kwa Masikio: Wazee wa Simba na Yanga na Mechi Zisizozeeka

Wakute wazee watatu kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, wawili wa Simba na mmoja wa Yanga, halafu waulize msimamo wa ligi wa wiki hii. Watajibu kwa mkato, tena mmoja wao anaweza kukosea. Sasa waulize Nyamagana 1974. Hapo vikombe vitawekwa chini, koti litavutwa vizuri mabegani, na mpaka mwadhini aanze kuadhini utakuwa umesikia mechi moja mara tatu, na kila mara kwa namna tofauti.

Hawa ndio watu wa habari hii. Majina yao hayamo kwenye kitabu chochote. Wengine walikuwa makuli bandarini, wengine makarani, mafundi cherehani, walimu wa shule za msingi. Hawakuwahi kufunga goli wala kuchaguliwa kwenye kamati. Ila mpira wa nchi hii wa miaka ya sitini mpaka tisini, sehemu yake kubwa imehifadhiwa vichwani mwao, na vichwa hivyo vinapungua kila mwaka.

Kwa nini vichwani? Kwa sababu picha hazikuwepo. Zanzibar walipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya sabini, lakini Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo kijana wa leo anayetaka kuona jinsi Sunday Manara alivyokuwa anatembea na mpira, yule waliyemwita Kompyuta, hana pa kubonyeza. Ana magazeti ya zamani kama Uhuru na Mzalendo, ana picha chache nyeusi na nyeupe, halafu ana babu yake.

Na babu mwenyewe, tuseme ukweli, mara nyingi hakuwepo uwanjani. Alikuwepo kwenye redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa macho ya nchi. Mtaa mzima ungeweza kuwa na redio mbili tu zenye betri nzima, watu wakajazana nje ya dirisha la mwenye nayo, na mke wa mwenye nyumba akawa ndiye refa wa nani akae wapi. Mtangazaji akisema mpira uko upande wa kulia karibu na kibendera cha kona, wote mnageuza shingo kulia. Ndiyo maana mzee wa Songea au Bukoba atakueleza goli la Dar es Salaam kwa undani, guu gani, pembe gani, kipa alianguka vipi, na wala hadanganyi. Aliliona. Aliliona kwa masikio.

Kwa watu wa Yanga, hesabu inaanzia tarehe 1 Juni 1968. Simba wakati ule bado inaitwa Sunderland, jina la Simba lilikuja 1971. Yanga ikaipiga mkono: tano bila. Maulid Dilunga mawili, Saleh Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja. Kwa muda wa miaka tisa matokeo yale yalikuwa silaha isiyo na jibu. Mwana Yanga alikuwa hana haja ya kubishana, anakuinulia kiganja tu anapita zake.

Mwaka uliofuata Yanga walifika robo fainali ya klabu bingwa Afrika wakakutana na Asante Kotoko ya Ghana. Sare ya moja kwa moja nyumbani, sare ya moja kwa moja ugenini, na kwa kuwa matuta yalikuwa bado hayajawa desturi, mshindi akapatikana kwa kura. Yanga wakatolewa na kura! Wazee wa Jangwani mpaka leo wakifika hapo hutikisa kichwa. Kufungwa kunauma, lakini kutolewa bila kufungwa ni kitu kingine kabisa.

Sasa Nyamagana. Agosti 10, 1974, ubingwa wa Tanzania unaamuliwa Mwanza, mbali na Msimbazi na mbali na Jangwani. Ule uwanja ni mdogo, kila aliyefika Mwanza anaujua. Lakini ukiwahesabu wazee wote wanaodai walikuwepo siku ile, utahitaji kuujaza mara kumi. Simba wakatangulia kwa goli la Adam Sabu, mapema tu kipindi cha kwanza. Wakalilinda. Wakalilinda tena. Dakika zinakwisha, watu wa Simba wameshaanza kukumbatiana, na wale waliokuwa kwenye redio kule Dar wanasema walishatoka nje kushangilia. Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimebaki dakika tatu hivi. Ikaja nyongeza, na Sunday Manara akafunga la pili. Yanga bingwa.

Kinachofurahisha ni jinsi mechi hiyohiyo inavyosimuliwa na pande mbili. Mzee wa Yanga anaanzia dakika ya themanini na kitu, kana kwamba yale ya mwanzo hayakuchezwa. Mzee wa Simba anakaa sana kwenye kipindi cha kwanza, anakuchambulia pasi kwa pasi, akifika dakika ya themanini na saba anaagiza kahawa nyingine. Uongo haumo kwa yeyote kati yao. Kila mmoja anakupa nusu ya mechi, na ukitaka nzima inabidi uwakalishe pamoja.

Tena Simba wa mwaka ule hawakuwa wepesi. Ndio waliokwenda Accra wakawafunga Hearts of Oak mbili kwa moja, wakatoka suluhu Dar, wakaingia nusu fainali ya Afrika. Wakamfunga Mehalla ya Misri moja bila nyumbani, wakafungwa moja bila kule, wakatolewa kwa matuta. Hakuna timu ya Tanzania iliyofika hatua hiyo ya klabu bingwa tangu hapo. Shabiki wa Simba akikumbuka 1974 anakumbuka mwaka uliokuwa bora na mbaya kwa wakati mmoja.

Julai 19, 1977 kila mtoto wa Kariakoo anaijua hata kama hajui alama za sajili yake ya shule. Sita bila. Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja Yanga wakajifunga kupitia kwa Selemani Sanga. Kibadeni alikuwa mfupi, wakamwita King, na jina hilo halijamtoka. Mwana Simba atakuishia hapo: sita, basi.

Ila msikilize na mzee wa Yanga, maana ana hoja, na hoja yake ni ya kihistoria. Mwaka mmoja kabla, 1976, Yanga ilipasuka. Mgogoro mkubwa, wanachama wakagawanyika, huku wakiitwa Kandambili na kule Raizoni, kwa vile viatu vya soli nene vilivyokuwa fasheni ya wakati huo. Kundi la wachezaji wazuri likaondoka, na kutoka kwenye kupasuka huko ikazaliwa Pan African. Timu iliyoingia uwanjani 1977 ilivaa jezi ya Yanga, lakini wale wa Nyamagana wengi hawakuwemo. Kwa hiyo mzee wa Yanga anapokumbuka sita, anakumbuka ndugu waliogombana, majirani waliokuwa klabu moja wakaacha kusalimiana, misiba ambayo watu walikaa mikeka tofauti. Zile goli kwake ni kama matokeo ya talaka. Hoja hii ina uzito, ingawa haipunguzi hata goli moja ubaoni.

Halafu kuna Mufulira. Hii ndiyo inayoonyesha kumbukumbu ya shabiki inavyochagua. Mwaka 1979, mwaka huohuo wa vita vya Kagera, bidhaa zimeanza kuadimika madukani, Simba wanacheza na Mufulira Wanderers ya Zambia. Dar es Salaam wanachapwa nne bila. Nne, nyumbani, mbele ya watu wao! Waliokuwepo wanasema njia ya kurudi Kariakoo ilikuwa kimya kama ya mazikoni, ukiacha watu wa Yanga. Marudiano Lusaka, nani angepoteza betri kusikiliza? Wengi hawakusikiliza. Simba wakashinda tano bila. Thuwein Ally matatu, George Kulagwa mawili. Wakasonga mbele.

Mtu aliyezima redio siku ile amejutia kwa zaidi ya miaka arobaini. Wapo waliokuja kuambiwa na jirani wakadhani wanataniwa, wakataka kupigana. Na utaona leo, mwana Simba akisimulia Mufulira anaanza moja kwa moja na Lusaka. Zile nne za Dar anazitaja kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Raundi iliyofuata Racca Rovers ya Nigeria ikawatoa, na hiyo haitajwi kabisa.

Mwaka huohuo, Agosti, pande zote mbili zilikuwa na redio moja. Taifa Stars walikuwa wameifunga Zambia moja bila Dar, wakaenda Ndola wakihitaji sare tu. Zambia wakatangulia. Muda ukayoyoma. Mwishoni mwishoni Peter Tino akasawazisha. Moja kwa moja, na Tanzania ikaenda kwenye fainali za Mataifa ya Afrika Lagos 1980 kwa mara ya kwanza. Ukitaka kumwona mzee wa Yanga na mzee wa Simba wakisimulia kitu kimoja bila kukatishana, watajie Ndola. Huyu ataanza, yule atamalizia. Kocha alikuwa Joel Bendera, Mtanzania, na hilo wanalitaja kwa msisitizo.

Lagos yenyewe haikuwa tamu sana: tatu kwa moja kwa Nigeria, mbili kwa moja kwa Misri, sare ya moja kwa moja na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga dhidi ya wenyeji, Thuwein Ally akafunga katika mechi mbili zilizofuata. Wakati ule watu waliona ni mwanzo tu, kwamba mara nyingine itakuwa miaka miwili au minne baadaye. Ikawa miaka 39. Stars walirudi 2019, Misri, na aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka wa Ndola alikuwa anakaribia sitini, ana wajukuu, na anaangalia kwenye televisheni. Bendera hakuiona, alifariki 2017. Mkambi alishatangulia 2010. Na mashabiki wangapi wa dirishani waliondoka katikati hapo, hilo halikuandikwa na mtu.

Novemba 1993 ni kidonda kipya kwa kulinganisha, ndiyo maana bado kinatoa machozi. Simba fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Ugenini suluhu. Jamani, suluhu ugenini! Nchi nzima ikaamini. Uwanja wa Taifa ukajaa mpaka pomoni, Rais Mwinyi jukwaani, na mpaka wana Yanga kadhaa, ingawa leo wanakana, walivaa uzalendo. Boli Zozo akafunga mawili. Waliokuwepo wanasimulia kimya chake zaidi ya mpira wake. Kuna wanaume wazima ambao hawajazungumza na wake zao mpaka kesho yake mchana. Mwana Yanga kwa utani atakukumbusha kwamba mwaka uleule wao walikwenda Kampala wakachukua kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati mbele ya SC Villa nyumbani kwao. Ni kweli. Lakini utani huo anautoa kwa sauti ya chini, maana na yeye siku ya Stella alikosa hamu ya kula.

Baada ya hapo televisheni zikaja, kisha simu, kisha kila kitu kikawa na video. Simba kumtoa Zamalek kule Cairo 2003 kwa matuta, akiwa bingwa mtetezi. Simba kulipa mkono 2012, tano bila. Yanga kuongoza tatu bila mpaka mapumziko Oktoba 2013 halafu zikaisha tatu tatu. Haya yanaweza kuangaliwa tena, kusimamishwa, kurudishwa nyuma. Ubishi wake ni mfupi: mtu anatoa simu, yanaisha. Za zamani hazina simu. Zinahitaji mtu aliyekuwepo, au aliyekuwepo kwenye redio, na zinahitaji mpinzani wake awe hai amsahihishe. Mzee wa Simba akibaki peke yake kijiweni, Nyamagana inabaki na kipindi cha kwanza tu.

Novemba 5, 2023 Yanga walimfunga Simba tano kwa moja. Vijana wa Jangwani hawakulala. Siku ya pili yake asubuhi, wazee wa Yanga walifika vijiweni mapema kuliko kawaida, wamevaa vizuri, wanatabasamu, wamenyoosha vidole vitano. Na wazee wa Simba wakawasubiri wamalize kucheka, wakamlipia kila mmoja kahawa, kisha wakawauliza kwa upole ile ya 1977 ilikuwa ngapi.