Uthibitisho wa usalama wa vyombo vya kauri

Uthibitisho wa usalama wa vyombo vya kauri ni utaratibu wa kukagua viwanda vya sahani, vikombe, bakuli na majagi, na kupima bidhaa zao, ili kuonyesha kwamba haziachii metali zenye sumu katika chakula kupita kiwango kinachokubaliwa na nchi zinakouzwa. Metali zinazoangaliwa zaidi ni risasi (huitwa pia plumbi) na kadimi. Risasi iliyo katika chakula haionekani wala kunusika, nayo hudhuru hasa ubongo wa watoto wadogo.

Chanzo cha sumu

Kwa kawaida tatizo haliko katika udongo wenyewe bali katika tabaka la juu linalong'aa kama kioo, na katika rangi za mapambo. Wafinyanzi wametumia oksidi ya risasi tangu kale kwa sababu husaidia tabaka hilo kuyeyuka kwa joto dogo, hung'aa sana na hukoleza rangi. Misombo ya kadimi hutoa rangi kali za njano, machungwa na nyekundu.

Chombo kikichomwa sawasawa, risasi hufungwa ndani ya kioo. Joto la tanuri likipungua, au mchanganyiko ukikosewa, hutoka kidogo kidogo kila chombo kinapotiwa kitu kichachu kama maji ya ndimu, ukwaju, nyanya au juisi ya matunda. Kwa macho, kikombe salama na kikombe chenye sumu vyaweza kufanana kabisa.

Mwaka 1970 madaktari wa Montreal, Kanada, walichapisha taarifa ya mtoto mdogo aliyefariki kwa sumu ya risasi. Alikuwa akinywa juisi ya tofaa iliyohifadhiwa katika jagi la udongo lililotengenezwa kwa mikono. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliweka kikomo cha miligramu 7 za risasi kwa lita, ambacho baadaye kilipunguzwa sana.

Upimaji

Njia ya kupima ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, nayo imeelezwa katika kiwango cha kimataifa ISO 6486. Chombo husafishwa, hujazwa asidi ya asetiki ya asilimia 4, yaani kitu kinachokaribiana na siki ya mezani, kisha huachwa kwa saa 24 katika joto la takriban 22 °C. Kadimi inapopimwa, chombo huwekwa gizani. Baada ya hapo maabara hupima kiasi cha metali kilichoingia katika siki hiyo.

Vikomo havilingani. Kwa risasi, FDA huruhusu 0.5 mg kwa lita katika vikombe na majagi, na 3 mg kwa sahani bapa kwa wastani wa sahani sita. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 1984, uliweka 4 mg kwa lita kwa vyombo vya kawaida vyenye kina. Kwa hiyo kikombe kinachoachia 2 mg hufaulu kwa kipimo hicho cha Ulaya na kushindwa Marekani. Jimbo la California hudai onyo kwa mnunuzi hata kwa viwango vidogo zaidi.

Mapatano ya China na Marekani

Mfano unaojulikana zaidi ni mapatano ya mwaka 1988 kati ya China na FDA. China ina miji mikubwa ya kauri, kama Jingdezhen, Liling, Dehua na Chaozhou. Kwa mapatano hayo, mamlaka ya China hukagua viwanda, na vinavyofaulu hupewa namba na kuingizwa katika orodha. Makasha yao hubandikwa lebo maalumu, na FDA huchukua sampuli chache zaidi kutoka kwao. Mzigo wa kiwanda kisichoorodheshwa unaweza kuzuiwa bandarini.

Ikumbukwe kwamba kinachoorodheshwa ni kiwanda, si kila sahani. Kiwanda kikibadilisha rangi au kupunguza joto la tanuri ili kuokoa kuni au gesi, matokeo ya vipimo vya zamani hayana maana tena. FDA yenyewe haitoi kibali kwa kila chombo kabla ya kuuzwa.

Ulaya hufuata njia nyingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2005, bidhaa huambatana na tamko la maandishi la mtengenezaji au muuzaji aliye ndani ya Umoja, hadi dukani, naye lazima aweze kuonyesha matokeo ya maabara akiulizwa.

Wafinyanzi wadogo

Mzigo wa masharti haya huwaelemea zaidi mafundi wa vijijini. Nchini Meksiko wengi wamezoea oksidi ya risasi iitwayo greta, na matanuri yao ya kuni hayafikii joto linalohitajika kwa michanganyiko mingine. Chombo kisichofaa kwa chakula huweza kuingia Marekani kama pambo, lakini lazima kiwe na onyo la kudumu au kitobolewe tundu mahali pa kuwekea chakula.

Chungu cha kupikia cha Afrika Mashariki, kisichopakwa tabaka la kung'aa, hakina chanzo hiki cha sumu. Mfinyanzi anayeanza kupaka tabaka hilo ili auze nje huhitaji kwanza kujua kilichomo katika unga anaonunua, na kupeleka sampuli maabara kabla ya kupokea oda.