Leza na uchapaji wa moja kwa moja katika kazi ya mabango

Kukata kwa leza na kuchapa moja kwa moja ni kazi mbili ambazo watengenezaji wa mabango wamezidi kuziweka chini ya paa moja. Leza inayotumika zaidi ni ile ya gesi ya kaboni dioksidi, aliyoivumbua Kumar Patel mwaka 1964 katika maabara za Bell, Marekani. Hukata akriliki, mbao na ngozi, na huchonga maandishi. Printa nayo hunyunyiza wino juu ya ubao wenyewe, na taa ya mionzi ya urujuanimno huukausha papo hapo, pasipo stika yoyote kati ya rangi na ubao. Watengenezaji wa mashine hizi huzisifu kwa kasi. Kwa kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, sifa hiyo ina uzito mdogo. Kinachofaa kupimwa huko ni kama kibao kitasomeka baada ya miaka kadhaa ya jua, na kama kinaweza kutengenezwa karibu na wanaokisoma, kwa lugha yao, hata kikihitajika kimoja tu.

Jua ndilo linaloanza kujibu. Lodwar, makao makuu ya kaunti, hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka, na joto la mchana huwa karibu nyuzi 35 sehemu kubwa ya mwaka. Lowarengak, kwenye ufuo wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Turkana kabla ya kufika Todonyang na mpaka wa Ethiopia, huongezewa upepo wenye mchanga. Hapo bena huchanika kwenye matundu ya kamba, na stika hukauka ikaanza kujikunja pembeni. Printa ya moja kwa moja hutoa njia nyingine: picha huchapwa kinyume nyuma ya akriliki angavu, rangi kwanza, kisha tabaka la wino mweupe juu yake. Msomaji huitazama kupitia akriliki, na mchanga hukwaruza plastiki badala ya wino. Nyekundu na njano bado zitafifia mapema kuliko nyeusi, kwa hiyo neno la onyo lisitegemee rangi peke yake. Liandikwe kwa herufi nyeusi nene.

Mpangilio wa kazi ndio unaotofautisha fundi na mwenye mashine tu. Kuchapa kutangulie, kukata kufuate. Sababu ya kwanza inajulikana: karatasi nzima ya akriliki hulala sawa mezani, printa huweka alama ndogo pembeni, na kamera ya leza huzisoma ili mkato ufuate picha. Sababu ya pili husahaulika. Kabla ya kuchapa, akriliki hupanguswa kwa spiriti, na ukingo uliokatwa kwa leza hubaki na mkazo ndani yake. Spiriti ikiugusa, nyufa nyembamba kama nywele hutokea, pengine siku kadhaa baada ya mteja kuchukua mali yake. Matundu ya skrubu nayo yakatwe mapana kuliko skrubu. Akriliki yenye urefu wa mita moja, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka kwa milimita 2 hivi, na skrubu iliyobana huipasua. Na leza isiguse PVC, yaani bena, stika nyingi na ubao wa povu: ikiungua hutoa gesi ya asidi ya hidrokloriki inayodhuru mapafu na kuitia mashine kutu. Alukobondi, yaani ubao wa plastiki uliobanwa kati ya mabati mawili ya alumini, pia haiifai leza. Hiyo ni kazi ya mashine ya kukata kwa kisu kinachozunguka.

Pingamizi la kwanza ni soko. Nani atanunua vibao hivi katika kaunti ya wafugaji na wavuvi? Kakuma ni jibu tosha. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, makazi ya Kalobeyei yakaongezwa kuanzia 2016, na utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 katika kambi na mji wake. Wapo watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi, pamoja na Waturkana wenyewe. Kibao cha zahanati kinachosema chanjo hutolewa siku gani kinahitaji lugha nne au tano, nakala mbili za hiki na moja ya kile. Duka la Nairobi, umbali wa mamia ya kilomita, halipendi oda ya namna hiyo, na kosa moja la tahajia ya Kiturkana hugharimu safari nyingine ya lori. Karakana ya karibu hubadilisha faili na kuchapa tena. Printa hiyohiyo, ikipanda tabaka juu ya tabaka, hujenga nukta za breli, ambayo kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinaitambua kuwa haki ya watu wenye ulemavu.

Pingamizi la umeme ni zito zaidi, na halifai kupuuzwa. Leza ya wati 100 hula takriban kilowati nzima, kwa kuwa sehemu ndogo tu ya umeme hugeuka mwanga. Iliyobaki ni joto la kuondolewa. Mrija wake wa kioo hutaka maji ya nyuzi 20 hivi, na ndoo ya maji inayotosha katika mji wa baridi kama Limuru itakuwa moto Lodwar kabla ya adhuhuri. Kipoza maji cha kweli ni lazima, sola yenye betri inasaidia, na kukata kupangwe alfajiri. Asiyeweza kugharimia hayo aanze na printa peke yake, maana leza iliyopashwa joto kupita kiasi huua mrija wake.

Wachoraji wa mabango kwa brashi wana hofu ya haki. Kwenye ukuta wa duka au bati la kinyozi, rangi ya mafuta bado ni nafuu na fundi yeyote anaweza kuirekebisha; mashine hazina la kushindania hapo. Lakini mchoraji anajua jambo ambalo programu haimfundishi mwanafunzi wake: nafasi kati ya herufi, na ukubwa unaosomeka kutoka barabarani. Huyo ndiye wa kuketishwa mbele ya kompyuta kwanza.

Kwa sababu hizo mashine ziwekwe Kakuma au Lodwar, na Lowarengak iwe na fundi wa kupima, kufunga na kukagua vibao. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti udhibiti wa matangazo ya nje. Turkana itumie mamlaka hayo kutaka, katika zabuni zake za vibao vya shule na zahanati, picha iliyochapwa nyuma ya akriliki na faili ikabidhiwe kaunti, ili kibao kikivunjika Lowarengak kingine kitengenezwe bila kuanza upya.