Skaro, sayari iliyomalizwa na bomu

Wadau, Skaro ndiko kwao Dalek, wale maadui wakubwa wa Doctor Who. BBC iliionyesha mara ya kwanza Desemba 21, 1963, mwaka mmoja tu baada ya Marekani na Urusi kukaribia kupigana kwa ajili ya makombora ya Cuba. Msitu umegeuka jiwe, mionzi kila mahali: Dalek na Thal walipigana vita vya nyuklia. Mwandishi wake, Terry Nation wa Cardiff, alikuwa mtoto enzi za mabomu ya Hitler, na Dalek wake wanamchukia kila asiyefanana nao. Hapo namwelewa. Lakini jamani, Thal walishakataa vita, wakawa wakulima. Wageni wakaja kuwashawishi wapigane tena, na hadithi inawahesabu wageni hao kuwa mashujaa!